Fremuweki mpya au akili ya kutatua matatizo? Maswali ninayoulizwa mara kwa mara na wasanidi programu wa Nairobi

Karibu kila Jumamosi huketi na vijana wanaoandika programu hapa Nairobi. Wengine bado wako chuoni Juja, wengine wametoka kwenye kozi za miezi michache, na wengine wana kazi tayari lakini hawalali kwa wasiwasi kwamba wanaachwa nyuma. Maswali yao yanafanana mno, na mengi yanarudi palepale: wakimbizane na kila fremuweki mpya (kiunzi cha msimbo ulioandaliwa tayari ili mtu ajengee programu yake juu yake), au wajifunze kwanza kutatua matatizo? Nimeyakusanya hapa pamoja na majibu ninayowapa, ili anayesoma haya ndani ya matatu ya Thika Road, saa moja asubuhi, apate la kumfaa kabla hajashuka.

Nianze na lugha gani ya programu?

Ile ambayo mtu aliye karibu nawe anaijua na yuko tayari kukusaidia. Python, JavaScript, PHP au Java, zote zitakufunza masharti, vitanzi, orodha na jinsi ya kugawa kazi kubwa katika vipande vidogo. Ukiijua moja barabara, ya pili haitakusumbua. Chagua leo na ukae nayo mwaka mzima.

Matangazo ya kazi yanataka React, Node, Docker na mengine kumi. Wewe unanihimiza nijifunze kutatua matatizo. Nani ataniajiri?

Sikwambii uzipuuze hizo zana. Anayepokea wasifukazi mia mbili kwa siku anatafuta maneno yaliyo kwenye tangazo lake, na asipoyaona kwako anaiweka karatasi yako kando. Kwa hiyo jifunze zana moja inayotafutwa sokoni, uijue kwa kina, na uwe na kazi ya kuonyesha uliyoifanya kwa mikono yako.

Lakini fikiria kinachofuata ukishaajiriwa. Wiki ya kwanza hutapewa mradi mpya unaong'aa. Utapewa hitilafu ambayo imewashinda watu wawili kabla yako, ndani ya msimbo, yaani maandishi ya programu, ulioandikwa na mtu aliyekwisha kuhama. Tangazo halikusema chochote kuhusu hilo.

Nimekaa upande wa wanaoajiri kwa miaka kadhaa, na swali ninalolitegemea zaidi ni hili: nieleze hitilafu iliyowahi kukusumbua kuliko zote, na uliipataje. Wapo wanaojibu kwamba walifuta kila kitu wakaanza upya. Wapo wanaotaja zana waliyoibadilisha. Halafu huja mmoja anayesogeza kiti mbele, anaomba karatasi, anaanza kuchora: data ilitoka hapa, ikapita pale, nikadhani kosa liko huku, nikajaribu hiki, kumbe sivyo. Huyo nitamchukua hata kama hajawahi kugusa fremuweki yetu, kwa sababu fremuweki tutamfundisha kwa mwezi mmoja. Ule utulivu wa kufuata kosa hadi kwenye shina lake sijui kumfundisha mtu kwa mwezi mmoja.

Kutatua matatizo ni maneno matamu. Ni kitu gani hasa?

Hapa nitakaa kidogo, maana ndilo swali lenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa na mteja mwenye kituo cha mafuta kinachofanya kazi usiku na mchana. Ripoti yetu ya mauzo ya siku ilikataa kulingana na hesabu ya keshia. Siku moja inazidi, siku nyingine inapungua. Tulikuwa watu watatu, na tulikaa siku tisa tukibishana kuhusu zana. Mwenzetu mmoja alitaka tubadilishe hifadhidata. Mimi nilishikilia kwamba ripoti iandikwe upya kwa fremuweki iliyokuwa gumzo mwaka huo, na nilikuwa nimeshaanza kuiandika.

Siku ya kumi nikaenda kituoni mwenyewe. Dada aliyekuwa kaunta akanisikiliza hadi mwisho, akaniuliza, "Mbona zamu ya mchana huwa sawa? Ni ya usiku tu inayoleta shida." Katika siku zile tisa hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amemuuliza.

Nikarudi, nikachukua siku moja tu na kuyapanga mauzo yake kwa saa. Yote yaliyokuwa yameangukia siku isiyo yake yalikuwa ya kati ya saa sita na saa tisa usiku. Saa tatu kamili. Kenya iko saa tatu mbele ya UTC, majira ya kimataifa ambayo seva nyingi (kompyuta zinazoendesha mifumo) huyatumia, na sisi hatusogezi saa mbele na nyuma kama Ulaya, kwa hiyo tofauti hiyo haibadiliki mwaka mzima. Sisi tukiwa saa sita usiku, kwa seva bado ni saa tatu usiku, na tarehe ni ya jana. Mafuta yaliyouzwa saa nane usiku wa kuamkia Jumanne yalikuwa yakihesabiwa Jumatatu. Marekebisho yalikuwa mstari mmoja, wa kuiambia hifadhidata ikate siku kwa majira ya Africa/Nairobi. Ile fremuweki yangu mpya ingelibeba kosa hilohilo kama lilivyo, kwa sura nzuri zaidi.

Ukitaka kujua kutatua matatizo ni nini, ni zile hatua zilizokuja baada ya siku ya tisa. Kumsikiliza anayeliona tatizo kila siku. Kutafuta linatokea wapi na, muhimu zaidi, halitokei wapi. Kupunguza data hadi kiasi ambacho jicho linaweza kukimaliza. Kukisia jambo moja na kulijaribu peke yake. Kisha kurekebisha kidogo iwezekanavyo na kuhakikisha kwamba siku ya pili, ya tatu na ya thelathini hesabu zinakaa.

Nenda Kirinyaga Road ukamtazame fundi wa magari aliye mzuri. Kabla hajashika spana anauliza: mlio ulianza lini? Ukipanda mlima au ukiteremka? Injini ikiwa baridi au ikishapata moto? Maswali hayo ndiyo yanayomwambia afungue wapi.

Nimeunganisha M-Pesa kwenye tovuti yangu kwa kufuata maelekezo, na inafanya kazi. Kuna nini zaidi?

Kuna kazi yenyewe. Maelekezo ya Daraja, mfumo ambao Safaricom iliwafungulia wasanidi programu mwaka 2017, ni rahisi kuyafuata, na mafunzo mengi ya mitandaoni huishia siku ambayo kila kitu kimekwenda sawa: ombi linatumwa, simu ya mteja inauliza PIN, anaiweka, jibu linarudi kwenye anwani ya seva yako.

Sasa keti ujiulize. Jibu likichelewa, naye mteja akabonyeza Lipa mara ya pili? Umeme ukikatika kwenye seva yako sekunde ileile jibu linapoingia? Jibu lilelile likikufikia mara mbili? Haya si makosa ya kampuni yoyote. Ni tabia ya mitandao popote duniani. Na mtu aliyelipia kitu kimoja mara mbili hataki kusikia kama ulitumia fremuweki ya Laravel au ya Django.

Mimi hufanya hivi. Kila ombi huandikwa kwenye hifadhidata kabla halijatumwa, pamoja na hali yake. Nambari ya muamala inayorudi kutoka M-Pesa huwekwa kwenye safu isiyokubali kurudiwa, kwa hiyo jibu likija mara ya pili linakataliwa na hifadhidata yenyewe. Nisiposikia kitu kwa muda, siamui kwamba malipo yameshindikana. Nauliza hali ya ombi hilo, kisha naamua. Na kila jioni kuna programu ndogo inayolinganisha rekodi zangu na taarifa ya malipo.

Hakuna hata moja kati ya hizo hatua inayotegemea fremuweki. Keshia wa zamani aliyeandika risiti kwa mkono alizijua zote: risiti ina nambari, nambari haijirudii, na jioni vitabu vinalinganishwa kabla ya mtu kwenda nyumbani.

Jambo lingine dogo la hapa kwetu. Kama programu yako inakagua kwamba nambari ya simu lazima ianze na 07, unawafungia mlango wateja wenye nambari za 01. Nimekutana na ukaguzi huo zaidi ya mara moja, na kila mara aliyeuandika alikuwa mtu hodari wa zana za kisasa ambaye hakuuliza nambari za simu za Kenya zinaanza na nini.

Zana mpya huja kila mwaka. Nitajuaje ipi itadumu?

Angalia zilizopita. AngularJS, fremuweki ya kujengea tovuti, ilitoka 2010, ikatawala, na Google ikaacha kuihudumia mwisho wa 2021. React ikaja 2013, Vue 2014. Flash, ambayo wenzangu walijenga maisha yao juu yake, ilifungwa tarehe 31 Desemba 2020. Kwa upande mwingine, wazo la kupanga data katika majedwali yenye uhusiano lilichapishwa na Edgar Codd wa IBM mwaka 1970, na SQL, lugha ya kuuliza hifadhidata iliyozaliwa kutokana na wazo hilo, inaendesha benki, hospitali na maduka hadi leo. TCP/IP, kanuni za kusafirisha data kati ya kompyuta, ilianza kutumika rasmi kwenye ARPANET, mtandao uliotangulia intaneti, mwaka 1983, na ndiyo inayokuletea maneno haya. Git, zana ya kutunza historia ya mabadiliko ya msimbo, ni ya 2005. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Katika kazi hii mbachao wetu ni SQL, HTTP (kanuni zinazoleta kurasa za tovuti), mfumo wa faili, na kuelewa jinsi kumbukumbu ya kompyuta inavyotumika.

Zana mpya ikija, mimi huuliza waliotengeneza walikuwa na shida gani. React ilitengenezwa Facebook, ambako ukurasa mmoja una vitu vingi vinavyobadilika kwa wakati mmoja na lazima vikubaliane. Ukiwa na shida kama hiyo, itakufaa sana. Duka la nguo za mitumba lenye kurasa nne halina shida hiyo.

Nilimaliza kozi vizuri, lakini nikianza mradi wangu mwenyewe natazama kioo kitupu. Nina kasoro gani?

Huna kasoro. Kwenye kozi mtu mwingine alikuwa amekwisha kufanya nusu ngumu ya kazi: aliamua tatizo ni lipi, akalikata vipande, akakupa vipande hivyo kwa mpangilio. Wewe ulifanya nusu iliyobaki, ukafaulu. Sasa unakutana na ile nusu ya kwanza, na ni haki yako ikuonekee ngeni.

Ifanye kwa karatasi. Andika kwa Kiswahili, au kwa lugha unayoota nayo, programu itapokea nini, itatoa nini, na katikati kitatokea nini. Ukifika mahali unaandika "halafu inapanga vizuri", simama. Neno vizuri limeficha uamuzi ambao hujaufanya. Ivunje sentensi hiyo hadi kila mstari uwe kitu ambacho mtoto wa darasa la sita angeweza kukifanya kwa penseli. Wengi niliokaa nao hawakuwa na upungufu wa msimbo hata kidogo. Walikuwa wanaanza kuandika kabla hawajajua wanachotaka.

Kwa nini nijisumbue, na akili unde inaandika msimbo kwa sekunde?

Tangu ChatGPT ilipotoka Novemba 2022, hili ndilo swali linaloulizwa kwa hofu kuliko yote, na hofu hiyo naiheshimu. Mimi mwenyewe natumia zana hizi kila siku. Zinaniokolea muda kwenye kazi za kurudia-rudia, na zinaeleza msimbo mgeni vizuri sana.

Ila rudi kwenye kile kituo cha mafuta. Kama siku ya kwanza ningeiambia akili unde iandike upya ripoti ya mauzo ya kila siku, ingeniandikia ripoti safi, na pengine yenye kosa lilelile. Ilihitaji kuambiwa kwamba zamu ya usiku pekee ndiyo inayosumbua. Habari hiyo ilikuwa kichwani mwa dada wa kaunta. Mtu wa kuitoa pale na kuigeuza kuwa swali sahihi alihitajika, naye bado anahitajika.

Kwa anayeanza nina ombi moja: usiweke kwenye mradi wako mstari ambao huwezi kuueleza. Ukipewa msimbo na mashine, usome wote, ubadilishe kitu, uuharibu makusudi uone utalia vipi. Na usibandike huko data za wateja. Majina, nambari za simu na miamala ya watu vinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na kubandika ni jambo la sekunde moja ambalo hutaweza kulirudisha.

Lazima niwe hodari wa hesabu?

Kwa kazi nyingi za hapa, la. Lakini hesabu mbili tatu zitakubeba mbali. Ukiwa na majina milioni moja yaliyopangwa kialfabeti, na kila mara ukafungua katikati na kutupa nusu isiyofaa, utalipata jina kwa hatua zisizozidi 20. Ukiyapitia moja baada ya jingine, huenda ukafanya hatua milioni. Hapo ndipo ilipo siri ya faharasa kwenye hifadhidata, yaani orodha iliyopangwa ya kutafutia, na ndiyo sababu ukurasa mzito huweza kuwa mwepesi bila kununua seva kubwa.

Pia iulize JavaScript au Python 0.1 + 0.2 ni ngapi. Utaona 0.30000000000000004. Kompyuta huandika namba hizo kwa mfumo wa mbili, na sehemu ya kumi haiandikiki kikamilifu humo. Ndiyo maana pesa za watu huhifadhiwa kama senti, kwa namba nzima.

Kazini tunatumia PHP ya zamani. Wenzangu wananicheka. Nihame?

Hama kama mshahara haukutoshi au hufundishwi chochote. Usihame kwa sababu ya kichekesho. Ushahidi ilizaliwa hapa Nairobi mwaka 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, ili watu waweze kutuma taarifa za yaliyokuwa yakitokea na zionekane kwenye ramani. Iliandikwa kwa PHP, ikaja kutumika hata Haiti baada ya tetemeko la 2010. Waliotuma taarifa hawakuuliza iliandikwa kwa lugha gani.

Mfumo wa zamani unaoingiza pesa ni shule ambayo hulipii karo. Ndani yake kuna maamuzi ya miaka kumi, mengine ya busara na mengine ya haraka, na ukijifunza kuyasoma na kuyarekebisha bila kuangusha biashara ya mtu, utakuwa na ujuzi ambao wenzako wanaoanza miradi mipya kila miezi sita hawajawahi kuupata.

Mteja anataka programu ya simu. Nitumie zana gani?

Kwanza muulize anataka kuondoa usumbufu gani. Mwekahazina wa chama kimoja aliniomba programu ya simu ya kisasa. Nilipomuuliza, nikagundua wanachama wengi, akina mama wauza mboga, wana kabambe, simu ndogo za vitufe. Wangeiwekea wapi? Nikafikiria USSD, zile menyu za kupiga nambari zenye nyota na reli, ambayo hufanya kazi kwenye simu yoyote, ingawa ujumbe wake mmoja hauzidi herufi 182 na mteja akichelewa inajifunga. Tukaendelea kuzungumza hadi ikajulikana kwamba malipo yenyewe hayakuwa na shida, kwani yalikuwa yakija kwa M-Pesa. Kilichomnyima usingizi kilikuwa kujua, kila Ijumaa, nani hajalipa. Nilimtengenezea jedwali linalosoma taarifa ya malipo na kutoa orodha ya majina. Kazi ya siku mbili. Nililipwa kidogo kuliko ambavyo ningelipwa kwa programu ya simu, na chama hicho kimeniletea wateja watatu.

Kuna wakati zana mpya ndiyo jibu sahihi?

Wapo wazee wa kazi hii wanaodharau kila kipya, na hao pia wanapotosha. Kabla ya Git kuenea tulikuwa tunatumiana folda zilizobanwa zenye majina kama "mwisho", "mwisho kabisa" na "mwisho wa kweli", na kazi ya mtu wiki nzima ingeweza kufutwa na mwenzake. Git iliondoa maumivu tuliyoyajua kwa jina. Unapoweza kuyataja maumivu hayo kwa sentensi moja, na zana ikayaondoa bila kuleta makubwa zaidi, ichukue bila kusita.

Nifanye mazoezi gani?

Weka daftari la hitilafu. Kila kosa lililokuchukua zaidi ya saa moja, andika lilionekanaje, ulidhani ni nini, lilikuwa nini, na dalili gani ungeweza kuiona mapema. Baada ya miezi sita utaona makosa yako yana ukoo.

Soma msimbo wa watu wengine, hasa miradi ya wazi, na ujaribu kurekebisha kosa moja dogo humo. Jenga kitu kimoja bila fremuweki yoyote, hata seva ndogo inayojibu ombi moja, ili ujue fremuweki hukufanyia nini. Na utafute mtu mmoja mwenye kazi isiyo ya kompyuta, kinyozi, mwenye duka la dawa, dereva, ukae naye siku nzima ukitazama anavyofanya.

Nimekwama sasa hivi, ni usiku, na kesho asubuhi mteja anakuja. Nifanye nini?

Ondoa mikono kwenye kibodi. Soma ujumbe wa kosa wote, kuanzia mstari wa kwanza, kwa sauti. Andika mambo mawili: ulitarajia nini, umeona nini. Kisha uliza mara ya mwisho ilipofanya kazi ilikuwa lini na nini kimebadilika tangu hapo. Kama una Git, rudi kwenye hali hiyo, hakikisha kweli inafanya kazi, halafu usogee mbele kwa kugawa mabadiliko yaliyofuata nusu kwa nusu hadi uone badiliko lililoivunja. Usibadilishe vitu viwili kwa wakati mmoja, hata kama macho yanafumba.

Ikifika saa saba usiku na bado, mwandikie mteja ujumbe wa kweli: kinachofanya kazi ni hiki, kisichofanya kazi ni hiki, nimeshaondoa uwezekano wa hiki na hiki. Uweke uende saa kumi na mbili asubuhi, kisha ulale.